Kansa kidogo ilibaki ndani yangu, badala ya kurudi kwa daktari nikaenda kujenga ushago

Wakuu, habari za weekend. Haya yamenipata mimi mwenyewe, fundi mbao wa hapa Mbotela, na sijaongeza chumvi. Kama uko mezani, maliza kula kwanza.

Mwaka jana niliona damu chooni. Nikasingizia pilipili. Ikaja tena, na mke wangu Nekesa akanitimua: "Enda hosi, wacha kujifanya mgumu."

Nikafanyiwa colonoscopy, ile ya kamera kupitia nyuma. Msiniulize ilikuwaje, tuheshimiane.

Damu ilikuwa ya bawasiri tu. Lakini kamera ilikuta kauvimbe kwenye rectum, mwisho wa utumbo, kadogo kama punje ya hindi. Daktari akakakata papo hapo kwa waya wa moto, akakapeleka lab.

Majibu: neuroendocrine tumor. Akanieleza ni aina ya kansa ambayo mara nyingi hukua polepole. Tatizo ni kwamba ukingo wa kile kipande ulikuwa na seli zake, kwa hivyo huenda kidogo kilibaki. Nifanye scan, nirudi baada ya wiki mbili tuamue kama ni kukata tena au kuangalia tu.

Mimi baada ya "kilibaki" sikusikia kingine. Kwa kazi yangu, mbao ikibaki na mchwa ukingoni, hesabu imeenda.

Sasa watu wa Western mtanielewa. Nina miaka arobaini na tatu na sikuwa na nyumba ushago, kule kijijini kwetu. Mwanamume wa kwetu akifa hivyo, wanamsimamishia kibanda cha haraka ndipo azikwe. Binamu yangu alifanyiwa hivyo, na aibu niliyoona usoni mwa mjane wake sijaisahau.

Basi sikurudi kwa daktari. Nilificha report chini ya randa kwenye sanduku la vifaa, nikaenda kujenga.

Mlango wa mbele niliupima mwenyewe, upana wa jeneza na wabebaji pande zote mbili. Mama akasimama pale akashangaa.

"Mlango wote huu ni wa nini?"

"Wa wageni, mama."

Akafurahi, akaambia kijiji kizima kijana wake amekuwa mtu mzima. Nililia nyuma ya choo.

Miezi saba ikapita. Siku moja Nekesa akatafuta futi ya kupimia kwenye sanduku, akatoka na report. Aliketi akaisoma yote, kisha akasema, "Kesho tunaenda. Mimi na wewe."

Daktari aliniuliza nilikuwa wapi muda wote huo.

"Nilikuwa najenga nyumba ya kuzikwa."

Alivua miwani, akaniangalia. "Na hukuweza kuniuliza kwanza kama unakufa?"

Nikafanya scan, safi. Kamera ikarudi, akakuta kovu tu. Akachukua vipande kadhaa vya pale, na wiki iliyofuata lab ikasema hakuna seli ya kansa hata moja. Alisema kwa uvimbe mdogo ambao haujaenda ndani, mara nyingi moto wa ule waya humaliza kilichobaki. Si kila mtu anabahatika hivyo, ndiyo maana lazima niendelee kuangaliwa.

Nekesa alinishika mkono hadi stage ya matatu. Wakuu, nilihisi njaa kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Nilichojifunza: ukiambiwa kimebaki, kaa kwenye kiti usikie sentensi inayofuata. Na mwambie mtu wako. Bahati iliniokoa, usiige ujinga wangu.

Aliyepitia hii kitu aandike hapa chini, hata wa kunitukana karibu. Nitasoma nikirudi, maana kesho tunapeleka kitanda ushago, cha futi sita, nimekitengeneza mwenyewe.

Nekesa ana wasiwasi hakitaingia. Nimemwambia kwa ule mlango kitapita bila hata kukigeuza.