Rifleta Katika Shamba la Baba

Baba yangu ni mkulima wa Bombo, Upare Kusini, na kwa miaka mingi amekuwa mzee wa kanisa. Hajui kuogelea wala hajawahi kupanda chombo cha majini. Nilipopata kazi Tanga ya kuendesha boti ya matembezi, alimwambia kila aliyekutana naye njiani kwamba mwanawe ni nahodha. Sikumsahihisha. Nilikuwa na cheti kidogo tu cha kuendesha boti, na boti yenyewe ilikuwa ya faiba, ya kubeba watu sita, mali ya mhandisi mmoja mstaafu aliyependa kwenda baharini Jumamosi pamoja na mkewe.

Mzee yule alikuwa mtu wa kufundisha. Boti yake ilikuwa na rada, kitu ambacho boti nyingi ndogo za Tanga hazina, na alinikalisha mbele ya kile kioo siku nyingi mpaka nikajua kutofautisha doa la meli na doa la wingu la mvua. Kisha akanionyesha rifleta. Zilikuwa bati tatu za alumini zilizopachikwa zikakatana, zikafanya pembe nane zilizoingia ndani, kitu chenye ukubwa wa ndoo, na kilining'inia kwa kamba juu ya mlingoti wetu mfupi. Faiba, alinieleza, hairudishi mawimbi ya rada. Meli kubwa inaweza kutazama upande wetu kwenye kioo chake ikaona maji matupu. Lakini zile pembe za bati hushika mawimbi na kuyarudisha kulekule yalikotoka, na boti ndogo ikaonekana kama kitu cha maana.

Alisema rada ni macho yetu sisi, na rifleta ni ya macho ya wenzetu. Nililielewa vizuri somo hilo. Siwezi kujificha nyuma ya kutojua.

Mwaka huo nilipopewa likizo ya Krismasi, baba alikuwa amelalamika kwenye simu kuhusu ngedere na ndege walioharibu shamba lake la mahindi. Nikamwambia nitamletea dawa yao. Nilikuwa nimeshaichoka ile rifleta, maana kukiwa na upepo iligonga mlingoti mchana kutwa, na ilikuwa miezi ya jua, bahari nyeupe, unaona mpaka mwisho wa macho. Nikajiambia hakuna atakayeihitaji, na kwamba nitairudisha kabla ya mvua. Asubuhi ya safari niliishusha, nikaitia kwenye mfuko wa salfeti, nikapanda basi.

Basi lilipopumzika Hedaru, abiria wa kiti cha jirani aliuliza ni kitu gani kile. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika viti vitatu mbele kwamba ni kifaa cha rada. Watu waligeuka kunitazama. Nakumbuka nilivyofurahi.

Nyumbani baba aliishika kwa mikono miwili. Aliigeuza jua likaruka kwenye bati na kupiga ukuta wa jiko, na mama akacheka. Aliuliza nimeipata wapi. Ningeweza kusema nimeazima. Badala yake nilisema bosi wangu amemtumia zawadi, kwa kuwa amesikia habari za shamba.

Kwamba mtu mkubwa wa Tanga, mhandisi, asiyemjua kwa sura, amekaa akafikiria mahindi yake, lilikuwa jambo zito kwa baba. Jioni aliomba sala ndefu ya chakula na kumtaja mtu huyo. Kesho yake alisimika mti katikati ya shamba akaitundika, ikawa inazunguka na kumeta, na ni kweli ngedere walikaa mbali. Majirani walikuja kuitazama. Nilipokuwa naondoka alinikabidhi kiroba cha maharage aliyochagua mwenyewe punje kwa punje, nimpelekee bosi kama shukrani.

Nilikipeleka. Nilimwambia mzee kwamba wazazi wangu wanamsalimu yeye na mkewe kwa maharage hayo, na nikaishia hapo. Alishukuru sana. Mkewe alisema wazazi wa namna hiyo wamebaki wachache.

Ile kamba tupu kwenye mlingoti niliifunga vizuri isipeperuke. Mzee hakuitazama. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na aliniamini.

Siku yalipotokea yale, tulikuwa tumetoka asubuhi na mzee na mkewe, niliyemwita mama, kwenda kwenye fungu la mchanga, kuogelea na kula chakula cha mchana. Wakati wa kurudi mvua ilitukuta, mvua nzito ya kutoka bahari kuu, na ghafla sikuona hata pua ya boti yetu. Mzee hakuwa na wasiwasi. Aliwasha rada, akaniambia nipunguze mwendo. Kioo kilijaa uchafu wa mvua, lakini ndani ya uchafu huo niliona doa moja gumu, halifutiki. Kila mstari wa rada ulipozunguka kioo, lilikuwa karibu zaidi, na lilikuja moja kwa moja.

Nilimwonyesha. Aliita kwenye redio mara mbili, hakuna aliyejibu. Akaniambia nishike njia ileile bila kuyumba, ili watu wa meli wajue sisi tunaelekea wapi na watupishe.

"Watatuona," alisema. "Rifleta iko juu."

Mama alikuwa amejifunika kanga kichwani kwenye benchi la nyuma. Alitikisa kichwa kukubali, akatulia kwa sababu mumewe ametulia.

Hapo ndipo ilipo aibu yangu, si kwenye mfuko wa salfeti. Mimi peke yangu kati ya watu watatu nilijua kwamba juu yetu hakuna kitu, kwamba ile meli inatazama maji matupu. Neno moja lilitosha. Lakini neno hilo lingenitaka niseme rifleta iko wapi, na nilishindwa kulitoa. Nilishika usukani na kuhesabu mizunguko ya ule mstari kwenye kioo. Nilijiambia labda watatuona hivyohivyo. Nilijiambia mzunguko mmoja zaidi. Sijui zilikuwa dakika tatu au tano. Niliwapima watu wawili walionitendea wema kwa mizani moja na jina langu zuri, nikalichagua jina langu, tena na tena, kila mstari ulipozunguka.

Kisha nikasikia injini yake, nzito, ndani ya mvua, na mwili ukafanya kile ambacho moyo ulikataa. Nilikata usukani wote kulia na kusukuma injini mpaka mwisho. Ukuta mweusi wa chuma ulipita nyuma yetu karibu kiasi cha kuona maji yanavyotiririka kwenye kutu. Wimbi lake lilituinua na kutubwaga. Mama alirushwa kutoka kwenye benchi, akaangukia mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Meli haikusimama. Sidhani kama mpaka leo kuna aliyekuwa ndani yake anayejua kwamba tulikuwepo.

Mvua ilipopungua, mzee akiwa amemkumbatia mkewe sakafuni, aliinua macho akatazama mlingoti kwa muda mrefu.

"Kamba imekatika," alisema. "Nilipaswa kuibadilisha mwaka jana. Ni uzembe wangu."

"Itakuwa kamba, mzee," nikajibu.

Alimwomba mkewe msamaha mbele yangu, mzee wa umri ule, kwa kosa ambalo hakulifanya. Nami nilikuwa naendesha boti.

Mkono wa mama ulifungwa plasta. Nilikwenda kuwaona nyumbani, na mama, badala ya kunilaumu, alisema kama si mimi kukata usukani wangekufa. Mzee aliongeza kwamba mtoto mwema hulelewa, na kwamba wakienda Moshi kwa harusi ya ndugu yao wangependa kupanda Bombo kuwaona waliolea kijana huyu na kuwashukuru kwa maharage. Nilisema barabara ni mbaya. Nilisema mvua. Alicheka, akasema amejenga barabara mbaya kuliko hiyo.

Nilimpigia baba, nikamwomba aiondoe ile rifleta shambani kwa kuwa imepitwa na wakati. Alishangaa. Alisema mgeni akija asiione zawadi yake atafikiri hatukuithamini.

Siku ya safari ilipofika, tulipinda Mkomazi tukapita tambarare, kisha tukaanza kupanda. Mzee aliendesha mwenyewe, mama pembeni yake na mkono wake kifuani, mimi nyuma. Alisifu migomba, alisifu mifereji ya maji, aliuliza tangawizi inalimwa wapi. Nilijibu kama mtu anayesomewa mashtaka.

Baba alikuwa amevaa suti yake ya ibada. Mama yangu alikuwa amepika makande na kuchinja jogoo. Baada ya salamu na sala na chakula, baba alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema hakutaka wageni waondoke kabla hawajaona kazi ya zawadi yao. Aliwaongoza njia ya shambani. Mimi nilifuata nyuma kabisa. Ningeweza kukimbia, na mara kadhaa nimejiuliza kwa nini sikukimbia.

Ilikuwa pale, inazunguka taratibu juu ya mahindi.

Baba aliongea kwa muda. Alieleza ngedere walivyokuwa, na walivyo sasa. Alisema tangu azaliwe hajapokea zawadi kutoka kwa mtu asiyemjua, na kwamba kila Jumapili amemkumbuka. Mzee alikuwa ameitazama rifleta, halafu akanitazama mimi, mara moja tu, halafu akarudisha macho kwa baba. Mama aliushika ule mkono wake wa plasta kwa mkono mwingine. Hakunitazama kabisa.

Nilisubiri mzee aseme. Badala yake alisogea karibu na ule mti, akaigusa bati, akasema, "Umeitundika vizuri, ndugu yangu. Nashukuru imekufaa."

Kisha akampa baba mkono, na baba akaushika kwa mikono yote miwili.

Nimeadhibiwa mara nyingine maishani, shuleni na kazini. Hakuna adhabu iliyowahi kunishika kama kusimama kwenye mahindi ya baba na kumwona mtu niliyemkosea akilinda heshima ya baba yangu kwa kubeba uongo wangu.

Tulishuka mpaka Same. Kwenye kituo cha mafuta mzee alizima gari. Mama alishuka kununua maji, au alishuka ili atuache.

"Siku ile nilisema watatuona," mzee alisema akitazama mbele. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na ulijua."

"Nilijua, mzee."

Alisema kuchukua bati si jambo, angenipa kama ningeomba, na angenunua nyingine. Alisema kitu anachoshindwa kukielewa ni zile dakika. Mkewe alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwangu. Nilijaribu kusema niliogopa. Alisema hata yeye aliogopa. Kisha akaniambia kwa upole kwamba wao wataendelea na safari, mimi nisiendelee nao, na nisirudi Tanga ila kuchukua vitu vyangu. Kuhusu baba hatasema neno. Hilo ameniachia mimi.

Nililala Same. Asubuhi nilipanda gari la kurudi mlimani.

Baba alikuwa kwenye mfereji, akifungulia maji. Nilimwamkia, akaitikia, akashangaa kuniona peke yangu. Nikamweleza kila kitu palepale, tumesimama, maji yakipita katikati yetu, pamoja na zile dakika. Hizo nilitaka kuziruka, lakini nilikuwa nimeshajifunza kwamba ndizo jambo lenyewe. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, kama yule mgeni alijua wakati anampa mkono. Nikasema alijua. Baba akaketi kwenye ukingo wa mfereji na suruali yake ikalowa.

"Mimi nimemshukuru," alisema. "Mbele ya mke wake. Nimemshukuru."

Siku hiyohiyo aliishusha rifleta. Aliisugua kwa majivu mpaka ikang'aa kuliko ilivyotoka dukani, akaifunga kwenye shuka, na akaniamuru niirudishe. Jumapili hakwenda kukaa kwenye kiti cha wazee wa kanisa. Alikaa nyuma karibu na mlango, na kwa kuwa hakutoa sababu, watu walidhani anaumwa. Mama yangu aliniambia hivyo, kwa sababu mimi sikuwa na uso wa kuingia.

Tanga nilimkuta mlinzi tu getini. Nilimwachia ule mzigo. Boti ilikuwa imeinuliwa kwenye nguzo, imefunikwa turubai, na baadaye nilisikia imeuzwa, maana mke wa mzee hakutaka tena kupanda.

Siku hizi nafanya kazi Lembeni, kwenye mashine ya kusaga. Ni kazi ya kelele, na kelele inanifaa. Mwaka jana nilipata ujasiri nikampigia yule mama. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikayasoma mpaka mwisho, kwamba nilikaa kimya nikijua, na kwamba namwomba radhi. Alinisikiliza. Alisema mkono umepona, ila haufiki nyuma ya mgongo, kwa hiyo mumewe ndiye anayemfunga vifungo vya gauni.

"Nimekusikia," alisema. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na haki ya kumuuliza. Akaniuliza kama baba hajambo, na kama mahindi yamekubali mwaka huu. Nikamwambia yamekubali. Akasema nimpe baba salamu zake.

Zimenikaa mpaka leo, hizo salamu. Nimepanda Bombo mara tatu tangu siku hiyo, nimekaa na baba sebuleni, nikafungua kinywa, nikauliza habari za ng'ombe.