Mkono wa Kushoto wa Mama Rosemary

Mimi kelele za gemu sizipendi, na sijaanza leo. Mwanangu Tariq alipoomba stoo ya nyuma ya duka langu pale mtaani Nangara afungue banda la gemu, nilimwambia ukoo wetu umeuza sukari na kanga tangu marehemu baba yake alipofika Babati, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuza kelele. Alicheka tu, akaingiza televisheni za chogo na mabenchi, na tangu siku hiyo nikawa napima mchele huku nyuma yangu vijana wanapiga mayowe ya goli. Hiyo ilikuwa miaka ile Mkoa wa Manyara ungali mbichi, umetoka tu kumegwa Arusha. Watu wazima tulikuwa tukiandika anwani tunaanza na Arusha, halafu tunakumbuka, tunakata.

Nyumba iliyofuata duka langu ilikuwa ya Katarina, ambaye mtaa mzima tulimwita Mama Rosemary. Alishuka kutoka Mbulu na mumewe, wakajenga, wakalima mahindi na mbaazi, mume akafariki akamwachia shamba, binti mmoja na ng'ombe mmoja wa maziwa. Binti, Rosemary, alikuwa anafanya kazi Arusha. Ng'ombe alibaki naye, na nadhani waliongea zaidi ya alivyoongea na sisi. Alikuwa mwanamke wa kuamka na kushika kazi. Ukimpa pole ya uchovu anakushangaa.

Kiharusi kilimkuta shambani. Alilazwa, akarudi, mdomo ukanyooka, mguu ukakubali kwa fimbo. Mkono wa kushoto tu ndio uligoma. Ulilala mapajani mwake kama kitu alichoshikishwa na mtu akaambiwa asubiri.

Hapo ndipo tulipoingia sisi na wema wetu. Kwetu mgonjwa hashiki kazi. Evangelina, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, alipanga zamu: huyu ateke maji, yule apike, mwingine afue. Ng'ombe akahamishiwa zizini kwa Evangelina. Mimi si wa jumuiya yao, lakini jirani ni jirani, nikajitwika uji wa asubuhi, na nilikuwa namnywesha mwenyewe, kikombe mdomoni. Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alimwambia mbele yetu, "Mama, huu mkono utumike." Tukaitikia vizuri sana. Tukatoka pale tumekubaliana kwamba utatumika, ndiyo, ukishapona.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi mwenye nyumba tulimnyang'anya jembe lake, tukampa kiti.

Rosemary alipokuja kumwona alikuta mama yake amekaa, ameoga, ameshiba, na hawezi hata kufunga kifungo cha sweta. Akaamua. Akirudi likizo nyingine atauza ng'ombe, atafunga nyumba, atampeleka mama Arusha akaishi naye. Lilikuwa neno la mtoto mwenye upendo, siwezi kumlaumu. Ila alipoondoka, Mama Rosemary alikuja akakaa kwenye benchi la dukani kwangu, akasema taratibu, "Mama Tariq, nikitoka kwenye nyumba yangu sitarudi tena. Nitakufa naangalia ukuta wa watu." Nikamwambia asiseme hivyo. Ningemwambia nini kingine?

Tangu hapo alishinda kwenye benchi lile, maana nyumbani kila kitu kilikuwa kimeshafanywa. Siku moja mvua ikashuka kutoka mlima Kwaraa kwa ghafla na upepo, benchi likalowa, akaingia bandani kwa Tariq kujikinga. Mle ndani kijana mmoja alikuwa ameondoka katikati ya mechi na mwenzake anapiga kelele za kutaka mpinzani. Tariq, kwa utani, akamnyooshea bibi wa watu pedi, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, chenye vitufe upande huu na kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba upande wa pili.

"Bibi, shika basi. Kushoto unamkimbiza mchezaji, kulia unapiga."

Akashika. Kidole gumba cha kushoto hakikusukuma kitu. Mchezaji wake akaenda hadi pembeni ya uwanja akasimama pale kama mbuzi aliyefungwa kambani, na wenzake wakafungwa magoli hata aibu kuyataja. Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikimbilia ndani kuwakemea, nikamkuta na yeye anacheka. Sikuwa nimeona meno yake tangu alipougua.

"Kesho nakuja tena," alisema. "Huyu mjinga wangu lazima aondoke pale pembeni."

Akaja kesho, na keshokutwa. Nilichukia, nasema kweli. Mama mzima, rozari shingoni, katikati ya vijana wanaoitana "mwanangu" na "oya". Lakini nilikuwa napita pale na kuchungulia, na nikaona jambo moja. Katika Nangara yote, lile banda ndilo lilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyemwonea huruma. Hakuna aliyesema pole mama, lete nikushikie. Walimfunga, wakamtania, wakamwambia, "Bibi, leo umekula nyingi, hamia kwenye bao." Naye akang'ata meno, akakikanda kile kidole kwa mkono wa kulia, akakirudisha kwenye kijiti. Siku ikafika mchezaji wake akatoka pembeni. Akapiga hatua, akapoteza mpira, banda zima likashangilia kana kwamba amechukua kombe.

Nisidanganye kwamba ilikuwa dawa tu. Gemu lilimkamata kama linavyowakamata wengine. Macho yakawa mekundu, shingo ikakaza, kichwa kikamgonga jioni. Kidole kikatoka lengelenge. Akawa mkali, siku moja nilisimama mbele ya televisheni kumsalimu, akaniambia, "Toka hapo!" kama anafukuza kuku. Jumuiya akakosa. Kanisani, alininong'oneza mwenyewe, akifumba macho kusali anaona mpira unazunguka. Na siku waliyokwenda sare mpaka mwisho, mwenzake akafunga dakika za lala salama, presha ilimpanda hadi tukampeleka kupimwa.

Yule mtaalamu wa mazoezi alisikiliza kisa chote bila kucheka. Akaushika mkono, akamwambia amminye kidole chake. Akaminya. Mtaalamu akafurahi, kisha akamkaripia. Mkono unafurahia mazoezi, alisema, lakini macho na shingo vinachoka, na presha haipendi mayowe. Acheze mechi moja, anyanyuke, atembee hadi barabarani, aangalie mbali, mlimani huko, ndipo arudi. Na nyumbani ule mkono ufanye kazi za kweli.

Ya mechi moja Tariq aliisimamia kama askari. Ya kazi za kweli hakuna aliyeisimamia. Nyumbani zamu ziliendelea kama kawaida, maana nani angekuwa wa kwanza kuacha kumpikia mgonjwa? Mtaa ungemsema.

Kisha Rosemary akarudi, na mnunuzi wa ng'ombe alikuwa ameshapatikana. Hakumkuta mama yake nyumbani. Alifuata mayowe, akamkuta bandani, fimbo imeegemea ukuta, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, anamwambia kijana wa watu apige pasi.

"Shikamoo, Mama Tariq," aliniambia dukani.

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuachia mama yangu. Mama yangu mimi! Wewe umemtia kijiweni na wahuni." Machozi yakamlengalenga. "Kesho tunaondoka."

Nilikuwa na jibu kali ulimini, maana mmoja wa hao wahuni alikuwa mwanangu. Nikalimeza. Mtoto anapomwogopea mzazi husema lolote.

Jioni ile tulikaa nyumbani kwa Mama Rosemary: mimi, Evangelina, Rosemary na yeye. Rosemary akaeleza habari ya safari na mnunuzi. Evangelina akaitikia kwa huzuni. Mama Rosemary alinyanyuka, akachukua chupa ya chai kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto! Ukatetemeka, chupa ikayumba juu ya kikombe.

Rosemary aliruka. "Mama, lete mimi!"

"Kaa, Rosemary."

"Utajiunguza, mama, utamwaga!"

"Nikimwaga, nitafuta."

Akamimina. Chai iliingia kikombeni, ikaingia kwenye sahani, nyingine ikatiririka mezani hadi ukingoni. Evangelina alikwishaanza kunyanyuka. Nilimvuta kanga akakaa. Ni kazi ngumu mno kukaa tu na mikono miwili mizima ukamwangalia mtu anahangaika. Nilitamani kulia. Mama Rosemary akaweka chupa chini, akachukua kitambaa, kwa mkono uleule, akafuta meza polepole mpaka kona ya mwisho. Kisha akakisukuma kikombe mbele ya binti yake.

"Evangelina," alisema, "umenisaidia sana, Mungu akubariki. Kesho asubuhi niletee ng'ombe wangu. Nikishindwa kumkamua nitakuita. Usije kabla sijakuita."

"Sawa, mama," Evangelina alijibu.

Rosemary alikuwa ameinamisha uso, mabega yanatikisika. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyefukuzwa jikoni, "Na mimi sasa nikufanyie nini, mama?"

"Kunywa chai, mwanangu. Inapoa."