Mzee Wangu na Sukari ya Magendo Kwenye Gemu

Jamani, baba yangu leo kajikamatisha mwenyewe.

Mnamjua. Miaka ya themanini alikuwaga msimamizi wa duka la ushirika hapa Musoma, na mpaka leo kila kikombe cha chai kina hotuba yake: soko huria ndilo lililoharibu nchi, enzi zile walanguzi walikuwa wengine, yeye alikuwa safi.

Haya.

Nina gemu la kuendesha nchi kwenye kompyuta. Sheria zake ziko kwenye faili la mipangilio, maandishi ya kawaida tu, unafuta unaandika. Nikaweka Musoma, Bunda na Butiama. Biashara huria nikaizima. Sukari madukani nikaandika sifuri.

"Baba, kaa hapa. Wewe ndiye serikali."

Akavaa miwani. Wananchi wakapanga foleni mpaka ikaingia ziwani (hiyo sikuiandika mimi, gemu lenyewe lilichanganyikiwa).

Mzee akaikagua foleni. Halafu akauliza taratibu, "Mtumbwi wa kupitishia sukari bila kuonekana, nabonyeza wapi?"

"Baba, si wewe ndiye serikali?"

"Ndiyo. Kwani ulidhani walikuwa wanapitisha akina nani?"

Mama, huko jikoni, akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Muulize sukari ya harusi yetu ilitoka wapi!"

Chai ya jioni leo tumekunywa bila hotuba.

Nani mwingine ana mzee safi nyumbani? Mleteni. Kiti kiko wazi.