Watoto Kumi na Mmoja wa Mwenye Mashamba

Bon, nilimaliza shule ya jioni nikiwa na miaka arobaini na miwili, na mpaka leo nikipita barabara ya Chaussée de Wavre, huku Ubelgiji, natembea kama waziri. Bila ile diplome ningebaki kusafisha ofisi za Etterbeek mpaka meno yote yaniishe. Nilipanga nikiipata niingie kusomea uuguzi.

Kwa kazi ya mwisho ya historia, kila mwanafunzi alipewa mtu wake wa zamani. Mimi nilipata mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Amerika enzi za ukoloni, akajitwalia mashamba ambayo ndege akiyavuka anazeeka njiani. Nilitakiwa kuchora mti wa familia yake. Nikasoma mpaka macho yakavimba kama maandazi. Mke wake alimzalia saba. Mtumwa wa jikoni alimzalia wanne, na katika wosia hao wanne aliwagawa kwa wale saba, pamoja na ng'ombe na magodoro.

Nikachora kumi na mmoja, kwa penseli, kwenye karatasi kubwa kama shuka. Kwetu Lubumbashi baba akifa, watoto wote wanakaa mbele kwenye matanga, hata wa nje. Nilikuwa wa nje mimi, na mke wa baba, aliyenichukia kama upele, ndiye aliyenishika mkono akanikalisha mbele.

Jumamosi asubuhi tukaeleza kazi zetu. Msahihishaji alikuwa mzee Mbelgiji aliyewahi kuishi Likasi, karibu na kwetu, mwenye tabasamu la askofu. Nilipofika kwenye ndege anayezeeka, darasa zima lilicheka, naye akacheka. Kisha akaja karibu, akaweka kidole juu ya wale wanne, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili wengine wasielewe:

"Mama, hawa si batoto. Ni bintu ya nyumba tu. Futa, nitakupa diplome."

Nikamtazama mwalimu wetu wa historia. Alikuwa anapanga karatasi.

Nikachukua kifutio. Watatu walitoka vizuri. Wa nne nilikuwa nimemkandamiza mno, alikuwa msichana, ikabidi nimkwangue kwa ukucha mpaka karatasi ikatoboka. Mzee alisubiri nimalize.

"Wewe muntu wa akili," akasema, akaandika pointi zangu. Zilizidi za wote.

Jirani yangu wa dawati akaniuliza yule mzee alikuwa akisema nini muda wote ule. Nikamwambia anasifu mwandiko wangu.