Injini Niliyoifunga Mimi

Kwa miezi kadhaa nilisemwa kwamba mimi ni mzito wa kazi, kumbe mzito ulikuwa msumeno. Najua kuna watu wameonewa zaidi ya hapo na wamesahau. Mimi sijasahau.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo ya kukata miti, magharibi mwa Sydney. Tulikuwa wachache: bosi, ambaye ni mzaliwa wa hapa hapa; kaka mmoja Mkongo, ambaye ndiye anayepanda mitini; mimi; na vibarua wanaokuja na kuondoka. Kaka huyo ndiye aliyenitafutia kazi. Tulijuana kanisani Merrylands, akasikia Kiswahili changu cha Tanzania, na siku hiyo hiyo akaanza kuniita dada. Mke wake nikamwita wifi, nikawa mtu wa nyumbani kwao.

Yeye alipanda kwa kamba na kushusha matawi. Mimi nilibaki chini na chenso kubwa, ndivyo tunavyouita msumeno wa petroli kwetu Mafinga, nikiyakata magogo vipande vya kubebeka. Chenso ile iliwaka vizuri. Ikinguruma hewani ungedhani nzima. Lakini ukiigusisha kwenye gogo, sauti inashuka, cheni inazunguka kivivu, mara inasimama ndani ya mti. Na miti ya huku, hasa hii mikaratusi, haina huruma. Nilikuwa naegemea chenso kwa mwili mzima, nikirudi nyumbani mabega yanawaka moto.

Bosi alisema cheni butu. Nikainoa mbele yake. Akasema nachanganya mafuta vibaya. Nikachanganya mbele yake. Baada ya hapo akawa hasemi tena habari za chenso, anasema habari zangu. Mbele ya vibarua aliniambia labda kazi hii inanizidi, kwamba kampuni za usafi kule Bankstown zinatafuta watu kila siku. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi.

Siku moja tulikuwa nyuma ya nyumba ya mteja, Westmead, akaichukua chenso mwenyewe ili anionyeshe jinsi ya kukata. Ikasimama ndani ya gogo mikononi mwake, vile vile kama inavyosimama mikononi mwangu. Akaichomoa, akasema imepata joto, tuiache ipumzike. Mikononi mwangu kosa langu; mikononi mwake, kosa la joto.

Wakati wa chakula nilifanya kitu ambacho mama yangu alinifundisha. Mama alikuwa anakodisha chenso kwa wapasua mbao, na kwa kuwa fundi alikaa mbali, injini nyingi tulifungua wenyewe, yeye na mimi, kwenye sakafu ya jikoni. Nilishika kile kishikio cha kamba ya kuwashia nikainyanyua chenso nacho, ikining'inia. Injini yenye nguvu inashuka polepole, kwa kushtuka shtuka, kwa sababu pistoni inagandamiza hewa na hewa inakataa. Ile ilishuka moja kwa moja kama ndoo inayotumbukia kisimani. Ndani hakukuwa na mgandamizo.

Nikamwambia bosi injini imechakaa ndani, nipe ruhusa niifungue. Hakunijibu mimi. Alimgeukia kaka akamuuliza anaonaje. Kaka akasema inawezekana. Bosi akasema basi, mkiiweza nitanunua vipuri, mkishindwa inakwenda jalalani.

Mimi naishi kwenye fleti, huwezi kufungua injini ya petroli sebuleni. Kaka ana gereji nyumbani kwake, akanikaribisha Jumamosi. Tulianza pamoja, na sitaki kumdhulumu kwa hilo: alinipangia taa, akanitafutia spana, akanifungulia bolti moja iliyokuwa imegoma. Kisha mpira ukaanza kwenye televisheni akaingia ndani. Wifi ndiye aliyekaa nami, na chai yake ya tangawizi, juu ya kreti iliyopinduliwa.

Nilitoa ekzosi kwanza, nikachungulia kupitia tundu lake. Ubavu wa pistoni ulikuwa na mikwaruzo kana kwamba mtu ameuparura kwa msumari, na ringi, ile pete ya chuma inayoizunguka, ilikuwa imeganda kwenye mfereji wake. Nikamwita wifi achungulie. Akauliza, sasa si unabadilisha tu hiyo pistoni? Nikamwambia hapana, lazima kwanza nijue nani aliiua, la sivyo ataua na mpya. Nikaziba matundu ya injini kwa vipande vya mpira, nikasukuma hewa ndani kwa pampu ya baiskeli, nikapaka maji ya sabuni kila penye kiungo. Upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini, pale mhimili wa injini unapotokea nje, mapovu yakafura. Sili, ule mpira wa kuzuia hewa isipenye, ilikuwa imepasuka. Injini ilikuwa inavuta hewa ya ziada kupitia pale, mchanganyiko ukapungua mafuta, pistoni ikaungua kidogo kidogo. Miezi yote ile. Nami natukanwa.

Vipuri vilipofika, Jumamosi nyingine, niliifunga upya. Sili mpya pande zote mbili. Badala ya silinda ya ukubwa ule ule nilichagua kubwa kidogo, pamoja na pistoni yake, kwa sababu nilitaka irudi na nguvu kuliko ilivyotoka dukani. Nililainisha ukingo wa matundu kwa msasa. Nikapanua njia ya moshi kwenye ekzosi, lakini wavu wa kuzuia cheche nikauacha mahali pake, maana huku kiangazi cheche moja inaweza kuteketeza mlima. Nikaingiza ringi ncha zake zikielekea kwenye pini ndogo inayoizuia isizunguke, nikaiteremsha silinda juu ya pistoni kwa vidole, bila kulazimisha. Nikarekebisha kabureta ipate mafuta zaidi. Nilipoivuta kamba, ilinikataa. Mkono ulirudishwa. Wifi alicheka aliponiona ninavyotabasamu. Nilivuta tena ikawaka, na binti yao mdogo akatoka nje amejiziba masikio, akatuambia kwa Kiingereza kwamba sisi ni vichaa.

Nikaiacha ingurume taratibu bila kuisukuma, ipate kuzoeana na vyuma vyake vipya, kisha nikaifuta nikaifunga ndani ya gunia.

Jumatatu nilifika nayo yadi ya kampuni. Mimi ndiye niliyeibeba, mimi ndiye niliyeiwasha. Tukaweka gogo la mkaratusi chini na ile chenso ikapita ndani yake bila kubadilisha sauti, vumbi la mbao likaruka hadi kwenye viatu vya bosi. Bosi akafurahi sana. Akaichukua mikononi mwangu, akaipima uzito, akanipita. Akaenda hadi kwa kaka akampa mkono.

"Kazi safi, meiti," akamwambia, kwa lile neno lao la kumwita rafiki. "Nilijua una mikono ya dhahabu."

Kaka akaupokea mkono ule. Akatabasamu, akatazama chini, hakusema neno. Na bosi akaona chenso yenye nguvu namna ile inamfaa mwenye nguvu, akampa yeye aitumie akishuka mtini, mimi nikaambiwa niburute matawi.

Niliyaburuta. Siku ile nzima niliyaburuta, na wiki ile nzima, nikiisikia injini yangu ikifanya kazi nyuma ya mgongo wangu. Sikulia. Nilikuwa na hasira. Bosi sikumshangaa sana. Mtu ambaye hajawahi kukuona, hawezi kukuona ghafla Jumatatu asubuhi. Huyu mwingine ndiye aliyenichoma. Huyu aliniita dada.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwao bila kualikwa. Wifi alinikaribisha chakula, nikamwambia nitakula nikishamaliza nililojia. Nikamuuliza kaka kwa nini alinyamaza.

Akasema nisilikuze jambo. Akasema wenyewe kwa wenyewe tunajua, wazungu wafikirie watakavyo, kazi imerudi kuwa nyepesi kwetu wote.

"Nilikuwa nitasema nini, dada? Ni yeye alisema. Mimi sikusema kitu."

"Ndiyo hilo," nikamjibu. "Hukusema kitu."

Wifi alikuwa anapakua fufu, ugali wa kwao. Akaweka kijiko chini.

"Papa, ile siku ulikuwa humu ndani, unaangalia mpira," akamwambia mumewe, ambaye humwita hivyo. "Mimi ndiye nilikaa naye. Niliona kila kitu. Unataka mtoto wako huyu wa kike naye kesho afanyiwe hivi?"

Nilikula kidogo kwa heshima ya wifi, nikaondoka.

Kesho yake, yadi, kabla hatujapakia gari, kaka alimwambia bosi mbele ya vibarua kwamba chenso niliifungua mimi na kuifunga mimi, na yeye alinishikia taa tu. Alisema haraka haraka, kama anayemeza dawa chungu. Nampa hilo. Bosi akatutazama mmoja mmoja, akasema basi kazi safi kwetu sote, na akanirudishia chenso.

Kwetu sote. Nikaona nikinyamaza hapo, nitanyamaza maisha yangu yote.

"Uliniambia mimi ni mzito wa kazi," nikamwambia. "Ilikuwa sili imepasuka. Nilikwambia ni injini, ukamuuliza yeye."

Akajibu kwa lile neno lao la kila kitu, no worries, yaani usijali, kana kwamba ni mimi niliyeomba radhi. Kisha akaingia garini.

Radhi sijaipata hadi leo, na nimeacha kuisubiri. Kaka na mimi tunasalimiana, tunafanya kazi, ananiamini ninapokata chini yake naye yuko juu. Lakini neno dada akilitamka sasa nalisikia tofauti, na nafikiri yeye pia.

Baadaye mashine ya kusaga matawi ilianza kupoteza nguvu. Bosi alinijia mimi, moja kwa moja, akaniuliza kama naweza kuipeleka gereji ya kaka mwisho wa wiki niitazame. Nikamwambia naweza kuitazama, lakini si gereji ya mtu na si Jumamosi yangu. Nitaifungua pale pale yadi, kwenye meza iliyo karibu na geti, saa za kazi, kila mtu akiwa anapita. Alikunja uso, akasema tutapoteza muda wa wateja. Nikamwambia ndiyo, tutapoteza. Akafikiri kidogo, akakubali, akaenda kunisogezea meza.