Kaya Bora Yenye Mahandaki

Mtoto wangu alikuwa ndani ya shimo, na wageni walikuwa wanapiga makofi.

Hawakuwa wamemwona. Walikuwa wameupa mgongo ukingo alikoteleza, wanamtazama mume wangu akipokea zawadi ya kaya bora, na Katibu wa kijiji alikuwa katikati ya neno "maendeleo", neno ambalo yeye akilianza halimwishii upesi. Mimi nilisikia kishindo, kisha kimya, kisha kilio. Niliruka humo na gauni langu la kuazima, nikamtoa binti yangu paji limechubuka na mdomo umejaa udongo. Nikawageukia wote, wa kijijini na wa kutoka Musoma.

"Haya! Nani wa kwanza kunya humu? Aingie, tunasubiri."

Wageni walirudi nyuma hatua moja.

"Mama, tafadhali," alisema mtaalamu wa saikolojia, kwa ile sauti yake ya pamba. "Tuzungumze kwa utulivu, kama tulivyojifunza."

"Wewe ndiye wa kunyamaza kabisa! Umeletwa kumtibu huyu mwanamume, umempa beleshi!"

Maana zawadi yenyewe ilikuwa hiyo. Beleshi jipya, limefungwa utepe.

Mume wangu alikuwa mgambo. Alikwenda Uganda kumng'oa nduli, akarudi na mikono yake na miguu yake, kijiji kikaimba, ng'ombe akachinjwa, basi, mambo yakaisha. Yakaisha kwa kijiji. Yeye alikaa kimya wiki kadhaa, halafu akaanza kuchimba. Alichimba handaki mbele ya nyumba, la kufika kifuani, lenye kona, likitazama barabara ya Butiama. Akachimba jingine nyuma ya jiko. Nikimuuliza, ananijibu taratibu kama anayemweleza mtoto: "Wakija, nyie mtakuwa chini." Nani aje? Barabara ile ilikuwa inapitwa na lori la pamba na mbuzi wa balozi wa nyumba kumi. Akawa analala humo humo, na viatu miguuni.

Kwa hiyo niliposikia kwamba mkoani kumeletwa mtaalamu wa waliorudi vitani, na kwamba kila Alhamisi atafika kijijini kwetu, nilimpeleka mume wangu mwenyewe mpaka mlangoni. Watu walimwita daktari asiye na sindano, wakacheka. Mimi sikucheka. Alikaa na mume wangu kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji, mlango umefungwa, na siku ile baba watoto alirudi nyumbani akamaliza ugali na samaki wake wa ningu, akavua viatu, akalala kitandani. Alhamisi iliyofuata, vivyo hivyo. Sikumuuliza alisema nini mle ndani, niliogopa kuharibu. Nilimwona tu ameanza kurudisha udongo shimoni, kidogo kidogo. Ilikuwa kazi ya kweli ile, nasema wazi, maana mengine nitakayosema juu ya huyo bwana si mazuri.

Kilichotuharibia ni dirisha. Katibu alipita akachungulia, akaona mtu mwenye digrii amekaa kwenye kigoda, hasemi kitu.

"Huyu anafanyaga nini humu?" aliniuliza.

"Anamsikiliza mume wangu."

"Anasikiliza tu? Asubuhi nzima? Na petroli yenyewe ya shida, miezi hii ya kufunga mkanda? Mama, hata mimi nakusikilizaga wewe, na hakuna anayeniletea Landrova."

Mkutano wa kijiji ukapitisha kwamba mtaalamu atajitolea. Kujitolea kwetu hakukuwa na hiari ndani yake. Ulikuwa unajitolea barabara, unajitolea shamba la kijiji, unajitolea kuwaimbia wageni, na usipojitolea unatozwa faini. Yeye alijitolea kutufundisha stadi za maisha. Siku gani? Alhamisi, siku nyingine hana gari.

Na alinogewa, bwana yule. Watu waliotoka vitani hawampigii mtu makofi, darasa linapiga. Alipewa ubao, chaki, na mimi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, nikawa mkalimani wa mabibi ambao Kiswahili chake cha chuo kikuu kiliwapita juu ya vilemba. Alitufundisha kugawanya sukari ya nyumbani ifike mwisho wa mwezi. Bibi mmoja aliomba aletewe kwanza hiyo sukari, kugawanya ataweza. Alitufundisha kujenga kichanja cha vyombo, akaenda kukagua vichanja nyumba kwa nyumba, na waliorudi vitani wakabaki benchini nje ya ofisi wakimtazama anavyopita na kurudi.

Kisha ikafika siku ya somo la kusikiliza.

"Mtazame mwenzio usoni," alisema mbele ya ubao. "Usimkatize. Usionyeshe kwamba una haraka."

Mume wangu akatokea mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa benchini tangu ng'ombe wanatolewa zizini.

"Mtaalamu, samahani. Leo nilikuwa na neno."

"Subiri kidogo, Ndugu. Tuko kwenye kusikiliza."

Mume wangu alisubiri kidogo, akaongeza kidogo kingine, kisha akarudi nyumbani akaanza handaki la tatu.

Mashindano ya kaya bora yalitukuta na hayo matatu. Sharti lilikuwa kila kaya iwe na shimo la choo, shimo la taka na shimo la mbolea. Katibu alipoingia uani kwangu karibu alie kwa furaha.

"Wengine tunawabembeleza wachimbe moja!"

"Ndugu Katibu, hayo ni mahandaki."

"Mama, usiniletee mambo ya shule. Shimo ni shimo. Mkoani wanahesabu mashimo."

"Huoni lina kona? Choo gani kina kona?"

"Cha staha," alisema, akaandika.

Nilimvuta mtaalamu pembeni. "Wewe unajua hiki ni kitu gani."

"Najua, mama." Hakunitazama. "Lakini nikimpinga Katibu, watanifungia hata hizi Alhamisi. Na pengine heshima ya zawadi itamjenga mumeo."

Ilimjenga. Alilipokea lile beleshi kwa saluti. Nilipowafukuza wageni wote uani, yeye ndiye pekee aliyekuwa ametulia. Alikuwa anapima makali ya beleshi kwa kidole. Kesho yake alianza kuchimba kutoka chini ya ukuta wa chumba tunacholala, apate njia ya kutupitisha mimi na mtoto bila kutoka nje. Beleshi la mkoa lilikata vizuri kuliko jembe letu. Ufa ulipanda ukutani mpaka dirishani.

Nikambeba mtoto mgongoni, nikadandia lori la pamba hadi Musoma. Dada yangu anayekaa Kitaji alinishika mkono.

"Mdogo wangu, unamshitaki mtu kwa kujitolea? Watakuita mpinga maendeleo."

"Waniite. Nikiitwa jina zuri, ukuta utaacha kuanguka?"

Karani wa malalamiko kwenye ofisi ya mkoa alichovya kalamu. "Ameiba?"

"Hapana."

"Analewa? Amekugusa?"

"Hapana. Anajitolea."

Aliweka kalamu chini. "Mama, hiyo ni sifa. Sina pa kuiandika."

"Basi nipe karatasi, niandike mwenyewe." Nikaandika, akagonga muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa nilikataa kuondoka kwenye meza yake:

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO JUU YA MTAALAMU KUJITOLEA KUPITA KIASI

Namlalamikia mtaalamu wa saikolojia, na namlalamikia Katibu wa kijiji aliyemjitolesha. Mtaalamu alipofanya kazi yake, mume wangu alilala kitandani. Alipoanza kujitolea, mume wangu alirudi kulala shimoni, na sasa anachimba chini ya nyumba.

Yaliyopo uani kwangu si choo, si taka, si mbolea. Ni mahandaki ya vita, yamechimbwa na mgonjwa. Naomba yafutwe kwenye hesabu ya mkoa, na beleshi lichukuliwe na waliolileta.

Naomba Alhamisi irudishwe kwa waliorudi vitani, asubuhi yote, mlango ukiwa umefungwa. Vichanja vya vyombo tutajenga wenyewe.

Mume wangu ana neno alilotaka kulisema, na mpaka leo hajapata wa kumwambia. Mimi nimejaribu; anasema sikuwepo kule vitani. Hilo ni kweli.

Sirudi kijijini bila mtaalamu. Nipo hapa kwenye ngazi za ofisi yenu pamoja na mtoto. Gari likipatikana, tutapanda naye.