Swali la Pili la Fundi Sulemani

Mzee Sulemani alizikwa wiki iliyopita. Nilipokuwa naingia msibani kwake, mtaa wa Buyenzi, nilisikia mwanaume mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Si ndiye yule wa resori zilizoua mutoto?" Maneno hayo yana umri wa zaidi ya miaka ishirini. Yalitoka katika sebule yangu, nami niliyaacha yatembee mji mzima. Jana nilikwenda mtaa wa Mutakura kwa mama wa mtoto huyo, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, akanisindikiza mpaka mlangoni. Sasa ninaweza kuandika.

Sulemani alikuwa fundi wa resori, yaani vile vyuma virefu vilivyopinda, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine chini ya gari ili libebe mzigo na kuvumilia mashimo. Kila chuma alikiita jani. Hakugusa injini wala taa. Kazi alifundishwa na baba yake, Mohamadi, na aliifanya kwa miaka arobaini chini ya paa moja la mabati, kwenye moto uleule wa makaa. Gari likifika alilizunguka mara moja, akachuchumaa nyuma yake akatazama jinsi lilivyolala, kisha akauliza maswali mawili. Itapanda na nini? Itashuka na nani? Nyundo yake haikuinuka kabla hajajibiwa yote mawili. Mafundi wenzake walimtania kwa hilo, naye aliwaacha wamtanie.

Nilifika kwake mwaka 1997. Mume wangu, Hyacinthe, agronomi, yaani bwana shamba wa serikali, alikuwa amefariki miaka miwili kabla, kwa ugonjwa wa moyo. Alituachia nyumba Kiriri, mtaa ulio mlimani juu ya mji, Land Cruiser moja, na jina. Katika miaka ile mibaya ya vita hakuna aliyeweza kusema kwamba Hyacinthe alichukua kisicho chake, au kwamba alimtaja mtu mbele ya wenye bunduki. Masista wa kituo kimoja cha afya huko milimani waliponiomba gari la kupandisha dawa, nilikubali kwa ajili ya jina hilo. Shemeji yangu Arnaud angeendesha. Lakini resori zilikuwa zimelala kabisa, na barabara ya milimani ilikuwa imekatwa na mvua na mitaro.

Resori mpya hazikupatikana. Ulikuwa wakati wa vikwazo vya biashara, na vipuri vilikwama ng'ambo ya ziwa. Arnaud alitaka tuliinue gari juu sana kama yale ya mashirika ya misaada, "ili wajue ni nani anapita." Nilimkatalia. Gari refu mno lilipekuliwa katika kila bariyeri ya wanajeshi barabarani. Asubuhi tuliyompelekea Sulemani gari, Arnaud alikwenda kutafuta mafuta, nami nikabaki na fundi peke yangu.

Sulemani alinionyesha njia mbili. Angeweza kuyachoma upya majani ya gari lenyewe na kuyapinda kama yalivyokuwa zamani. Yangekuwa laini, lakini mzigo mzito ungeyalaza tena kabla ya mwezi kuisha. Au angeweka majani manene aliyoyatoa katika lori bovu. Hayo yasingelala kamwe, ila ni magumu.

"Nichague yapi?" nikauliza.

"Apana we, madamu. Muzigo ndiyo itachagua. Itapanda na nini?"

"Dawa, sabuni, maziwa ya unga. Kilo mia sita hivi."

"Sawa. Na itashuka na nani?"

Swali hilo lilinitisha. Leo msomaji kijana hataelewa. Katika miaka ile, swali la nani anashuka kutoka milimani, na katika gari la nani, waliliuliza watu wenye orodha za wa kuuawa. Nilijua familia iliyompoteza baba kwa sababu jirani alilijibu kwa nia njema. Nilitazama mikono ya Sulemani, myeusi kwa mafuta, nikajiuliza ni nani aliyemtuma.

"Haishuki na mtu," nikasema. "Inashuka tupu."

"Tupu kweli?"

"Fundi, nimekwambia tupu."

"Usikasirike, madamu. Mi naulizaka kila mutu."

"Basi mimi umekwisha kuniuliza."

Rachidi, fundi wa jirani, akapaza sauti kutoka chini ya teksi aliyokuwa anaitengeneza: "Madamu, umusamehe! Huyu hata umuletee kitanda ya arusi atauliza italaliwa na nani!"

Mafundi wote waliokuwa karibu wakacheka isipokuwa Sulemani.

"Kama ni tupu, naweka ya lori," alisema. "Lakini unisikie muzuri. Ikishuka tupu itaruka kama mbuzi. Musiweke mutu nyuma."

Siku hiyo tayari nilikuwa na barua ya masista katika mkoba wangu. Waliniomba kwamba gari likishuka lilete wagonjwa wao hospitalini. Sikumweleza Arnaud onyo la fundi, maana angeniuliza kwa nini nilidanganya.

Katika safari ya tatu masista walimlaza nyuma mwanamke aitwaye Dorothée, mke wa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye uchungu wake wa kuzaa ulikuwa umekwama kwa siku mbili. Walimtandikia godoro. Arnaud alijitahidi kwenda polepole, lakini kila mtaro ulimrusha yule mama na kumwangusha. Walipofika hospitalini Dorothée alikuwa hai. Mtoto, wa kiume, alizaliwa amekufa. Sista aliyewasindikiza alisema kwamba walipoondoka moyo wa mtoto ulikuwa bado unasikika.

Wakubwa wa ukoo walikusanyika kwangu. Arnaud alikuwa analia kama mtoto.

"Watasema nimemuua mimi, shemeji! Watasema ni gari ya Hyacinthe!"

"Ni resori," mmoja akasema. "Fundi gani aliweka vyuma kama vile?"

Wote wakanigeukia.

"Fundi wa Buyenzi," nikajibu. "Aliweka majani ya lori."

Kila neno lilikuwa kweli, na kwa maneno hayo ya kweli nilimtwika Sulemani kosa langu. Wiki haikuisha kabla habari haijafika Buyenzi. Wenye magari wakaanza kupita mbele ya paa lake bila kusimama.

Kisha Sulemani alikuja Kiriri kwa miguu, akapanda mlima wote ule. Alisimama getini, akakataa kuingia. Nilingojea anitukane.

"Madamu, gari iko?"

"Ipo."

"Muilete kesho. Sasa najua inashukaka na nani."

Aliyaondoa majani ya lori yote, akayachoma na kuyapinda yale ya zamani. Kisha chini kabisa akafunga jani moja tu la lori, fupi, akaacha nafasi ya kidole kati yake na mengine. Gari likipanda na mzigo, majani yangelala mpaka yaliegemee lile nene. Likishuka na mgonjwa, lile nene lisingeguswa. Alipomaliza aliweka nyuma karai lililojaa maji, akamwambia Arnaud apite juu ya mtaro wa barabara yao. Maji yalimwagika nusu. Akafungua tena, akagonga, akafunga. Mara ya tatu yalimwagika maji ya kiganja kimoja tu, akasema, "Sasa wamama watashuka."

Walishuka kwa miaka mingi. Sulemani hakumwambia mteja yeyote nilichomjibu. Nami nilinyamaza, nikiamini kwamba ninalinda jina la Hyacinthe, mtu ambaye hakuwahi kumtaja mwenzake ili ajiokoe.

Siku ile ya msiba, baada ya kusikia mnong'ono, niliingia upande wa wanawake, nikapiga magoti mbele ya Waridi, binti wa Sulemani.

"Baba yako aliniuliza gari litashuka na nani," nikamwambia. "Nilimdanganya. Alinionya tusiweke mtu nyuma, nikaficha onyo lake. Kosa halikuwa lake."

Waridi alinishika mkono, akaniinua.

"Sisi humu ndani tunajua, mama," alisema. "Alitwambia. Uende useme kule inje, kwa wanaume."

Nilitoka. Walikuwa wameketi kwenye mikeka, na yule aliyenong'ona alikuwa katikati yao. Niliyasema yote nikiwa nimesimama, pamoja na jina langu na jina la mume wangu. Kisha Rachidi, ambaye sasa ni mzee wa fimbo, akainua kichwa.

"Rudilia, madamu," alisema. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.